Shahidi wa Pili Katika Ndege

Ni nani katika Kayna asiyeujua ukungu wa asubuhi? Yako majira ambayo waumini waendao Misa ya kwanza huliona kanisa wakati wanapoufikia mlango wake. Vilima vyote vimefunikwa, bonde limejaa weupe kama maziwa katika kibuyu, na mtu hujua mahali alipo kwa kuwa miguu yake yaijua njia.

Siku kama hiyo, mara nyingine husikika mvumo wa ndege ipitayo juu. Watoto huinua macho, lakini hawaoni kitu. Ndipo mmoja wao huuliza swali ambalo wakubwa hulicheka: “Sisi hatuioni ndege, na rubani haioni milima yetu. Basi ajuaje kwamba yu juu yake?”

Ndugu zangu, swali hilo si la kuchekwa. Watu wengi wamepoteza maisha kwa sababu jibu lake lilikosewa kwa mita mia moja tu. Leo tulijibu kwa utaratibu, maana ndani yake mna elimu ifaayo kwa wanafunzi, na mna shauri lifaalo kwa kila mzazi na kila Mkristo.

NCHI ISIYOMSAMEHE RUBANI

Kwanza tuitazame nchi yetu jinsi rubani aitazamavyo. Mtu atokaye Kayna kwenda kusini hupita Kanyabayonga, kisha njia hushuka kwa mizunguko mingi katika mteremko wa Kabasha hata kufika tambarare ya Rwindi, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Upande wa mashariki, chini kabisa, liko Ziwa Edward, ambalo maji yake yamelala kwenye mita 900 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Kaskazini, nyuma ya Beni, umesimama Ruwenzori, wenye kilele cha mita 5,109. Kusini wako ndugu wawili wakubwa wa volkano: Nyiragongo wenye mita 3,470 na Mikeno wenye mita 4,437. Kiwanja cha ndege cha Goma chenyewe kimejengwa kwenye mita 1,500 na zaidi.

Kutoka Goma hadi Beni kwa mstari wa angani ni kilomita 240 hivi. Ndege ndogo yaweza kuzimaliza kwa muda usiofika saa moja na nusu. Lakini katika muda huo mfupi ardhi iliyo chini yake hupanda na kushuka kwa maelfu ya mita. Rubani asemaye tu, “Niko mita 2,000,” hajasema neno la kutosha. Juu ya ziwa mita 2,000 ni usalama. Juu ya mlima ni kaburi.

Nasi hatukuyasikia hayo kwa mbali. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege iliyokuwa ikisaidia kazi za huruma iligonga mlima karibu na Bukavu katika hali mbaya ya hewa, na watu wote 17 waliokuwamo walikufa. Ajali huwa na sababu nyingi zilizofungamana, wala si kazi yetu kuwahukumu marehemu. Hata hivyo yatosha kutukumbusha kwamba katika Kivu wingu laweza kuwa na mlima ndani yake.

HEWA INA UZITO

Sasa tumjibu yule mtoto. Rubani hujua urefu alioufikia kwa kuipima hewa.

Hewa ni kitu chenye uzito, ingawa hatuusikii mabegani. Sisi wanadamu twaishi katika sakafu ya bahari kubwa ya hewa. Aliye chini amebeba hewa nyingi juu yake. Apandaye mlimani huiacha nyingine chini, kwa hiyo juu yake hubaki hewa kidogo. Wataalamu huupima mkandamizo huo kwa hektopaskali. Pwani ya bahari, siku ya kawaida, ni 1,013. Kando ya Ziwa Edward ni kama 908. Katika vilima vya Lubero, kwenye mita 1,800, ni kama 815. Na juu ya kilele cha Ruwenzori hubaki kama 532, yaani karibu nusu tu ya hewa ya Mombasa au Dar es Salaam.

Akina mama wanaijua habari hii bila kuisoma kitabuni. Maharagwe yapikwayo vilimani hukawia kuiva kuliko yapikwayo pwani. Kwa nini? Kwa sababu hewa ikipungua uzito, maji huchemka mapema kabla ya kupata moto wote. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Kwenye mita 1,800 huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria inatokota vizuri, kuni zinaisha, na maharagwe bado magumu!

Msafiri naye anao ushahidi. Afunge barabara chupa tupu ya plastiki akiwa Kanyabayonga, kisha ashuke nayo hadi Rwindi. Atakuta imebonyea ubavuni kama iliyokamatwa na mkono usioonekana. Mkono huo ndio hewa nzito ya bondeni.

BOMBA LILILOBAKI BUSTANINI

Ni nani aliyevumbua kwamba urefu waweza kupimwa kwa hewa? Hapa tunakutana na Mkatoliki mmoja wa Ufaransa, Blaise Pascal. Kabla yake Torricelli, mwanafunzi wa Galileo kule Italia, alikuwa ameonyesha kwamba zebaki iliyo katika bomba la kioo husimama ikishikiliwa na uzito wa hewa. Pascal akafikiri: kama ni hewa iishikayo, basi mlimani, ambako hewa ni chache, zebaki itashuka. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mbali, alimwomba shemeji yake, Florin Périer, aliyekaa karibu na mlima Puy de Dôme, afanye jaribio.

Tarehe 19 Septemba 1648 Périer na wenzake, mapadri kwa walei, walikutana asubuhi katika bustani ya watawa wa Shirika la Minimi mjini Clermont. Wakajaza mabomba mawili, wakayapima pamoja. Zebaki ikasimama sawasawa katika yote mawili. Ndipo bomba moja likaachwa palepale bustanini, na mtawa mmoja, Padri Chastin, akaombwa alitazame mchana kutwa. Périer akalichukua la pili, akapanda nalo mlima upatao mita elfu moja juu ya mji. Huko juu zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya inchi tatu za siku zile, yaani sentimita 8 na nusu hivi. Akarudia kupima mara tano, mahali mbalimbali, ili asidanganyike. Aliporudi bustanini jioni, Padri Chastin akamwambia kwamba bomba lake halikutikisika siku nzima.

Angalieni busara yao. Kama Périer angalipanda na bomba moja tu, mtu angaliweza kumwambia, “Labda hewa ya nchi nzima imebadilika leo, wala si kwa sababu ya mlima.” Lakini shahidi wa pili alikuwa amekaa chini, akilindwa na mtawa mvumilivu. Kwa sababu ya shahidi huyo hakuna aliyeweza kukataa.

Shika jambo hilo, msomaji, maana ndilo tutakalolikuta ndani ya ndege.

SAA IHESABUYO UREFU

Chombo cha rubani huitwa altimeta. Kwa sura ni kama saa ya ukutani iliyo ndogo, yenye mishale na tarakimu. Ndani yake hamna zebaki. Mna vikopo vidogo vya madini membamba, vilivyotolewa hewa na kuzibwa. Ndege ikipanda, hewa ya nje hupungua uzito, vikopo hutanuka kidogo sana, na vigurudumu vyenye meno huukuza mwendo huo mdogo hata kuusukuma mshale. Ndege ikishuka, vikopo hubanwa na mshale hurudi. Hewa yenyewe huingia kwa kijitundu kilicho ubavuni mwa ndege, mahali ambapo upepo wa mwendo haukisukumi, nayo hupita katika mpira mwembamba hata kufika kwenye chombo.

Altimeta za kwanza zilikuwa hafifu. Mwaka 1928 Paul Kollsman, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitengeneza moja iliyoweza kuonyesha hata tofauti ndogo ya futi chache. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Septemba 1929, rubani James Doolittle aliruka, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa kwa turubai, asione nje hata kidogo, akiviangalia vyombo peke yake. Rubani mwenzake aliketi kiti cha mbele, macho wazi, tayari kuishika ndege endapo vyombo vingekosea. Hata siku ile ya ushujaa, shahidi wa pili hakukosekana.

KWA NINI HUWEKWA UPYA KILA SIKU

Altimeta haijui urefu; yajua uzito wa hewa tu. Na uzito wa hewa hubadilika hata kama hujatoka mahali ulipo. Katika nchi zetu za ikweta hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji ya bahari: huwa nzito kwenye saa nne asubuhi, huwa nyepesi kwenye saa kumi jioni, kisha huwa nzito tena usiku. Tofauti ni ndogo, lakini altimeta iliyoachwa mezani yaweza kusema kwamba nyumba yako imepanda mita ishirini au thelathini tangu asubuhi hadi jioni!

Kwa hiyo kwenye uso wa chombo mna kidirisha kidogo chenye tarakimu, na pembeni mna kifungo cha kuzungushwa. Rubani humwuliza mwangalizi wa kiwanja uzito wa hewa wa saa ile, uliohesabiwa kana kwamba kiwanja kingalikuwa kwenye usawa wa bahari. Marubani wa dunia nzima huuita kwa herufi tatu, QNH. Akiisha kuiweka tarakimu hiyo kidirishani, mishale inapaswa kuonyesha urefu wa kiwanja chenyewe juu ya bahari. Kosa la hektopaskali 10 ni kosa la mita 80 hadi 100. Na apitaye kutoka nchi ya hewa nzito kwenda nchi ya hewa nyepesi bila kukizungusha kifungo, atakuwa chini kuliko mshale usemavyo. Huo ndio uongo wa hatari, kwa maana humfariji mtu wakati anapoukaribia mlima.

NDEGE ILIYOJENGWA KWA MIKONO YA MWENYEWE

Pengine mtasema, “Mambo hayo ni ya makampuni makubwa.” La, si hivyo. Katika nchi nyingi sheria humruhusu raia kujijengea ndege ndogo nyumbani, mradi serikali ikague kazi yake. Hata Afrika yamefanyika. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, wanafunzi wa hali mbalimbali, walijenga ndege ya viti vinne iliyotoka kiwandani vipande vipande, na kiongozi wao, Megan Werner, alikuwa na miaka 17. Kisha wachache wao waliokuwa na cheti cha urubani waliirusha kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipita nchi kadhaa, zikiwemo Malawi, Tanzania na Uganda.

Mtu ajengaye ndege yake ni fundi, ni mkaguzi, tena ni abiria wa kwanza. Akikosea, hakuna wa kumlaumu. Siku hizi ndege za namna hiyo mara nyingi huwa na kioo kikubwa cha umeme kinachoonyesha kila kitu: mwendo, urefu, ramani. Ni kizuri sana. Lakini umeme ukizimika, kioo huwa cheusi kama ubao wa shule uliofutwa. Kwa hiyo mjenzi mwenye hekima hutia pembeni altimeta ya zamani, ya vikopo na mishale, isiyohitaji betri. Hiyo ndiyo altimeta ya akiba.

Basi ataikaguaje? Tuzifuate hatua zake moja moja.

Kwanza, ndege isimame kiwanjani, mahali ambapo urefu unajulikana kwa hakika. Rubani aulize QNH, aiweke katika vyombo vyote viwili. Akigonge kioo cha ile ya mishale kwa ncha ya kidole, taratibu, kwa kuwa vigurudumu vyake hukwama kidogo wakati injini imezimwa. Kisha asome.

Pili, alinganishe. Desturi ya marubani wengi ni hii: chombo kikipotoka zaidi ya futi 75, yaani mita 23 hivi, kutoka urefu halisi wa kiwanja, kisiaminiwe mpaka kimetazamwa na fundi.

Tatu, na hapa ndipo wengi hujikwaa: akikuta tofauti, asikizungushe kifungo ili mishale ipatane tu. Akifanya hivyo, mishale itasema kweli leo lakini kidirisha kitasema uongo, na kesho atakapoiweka QNH mpya, uongo ule utarudi. Chombo kina skrubu ndogo karibu na kifungo. Ikilegezwa, tarakimu za kidirisha huweza kurekebishwa bila kuigusa mishale. Katika ndege za biashara kazi hiyo ni ya fundi mwenye cheti pekee. Mjenzi wa nyumbani naye afadhali amwite fundi huyo.

Nne, asiridhike na kipimo cha ardhini. Altimeta yaweza kusema kweli chini na kukosea juu. Kwa hiyo huvutwa hewa taratibu katika chombo cha kupimia, na mishale hulinganishwa na kipimo kamili kwa kila urefu, kupanda na kushuka. Katika Marekani sheria hudai jaribio hilo kila miezi 24 kwa ndege zinazoruka mawinguni kwa kutegemea vyombo. Makosa yaonekanayo huandikwa katika kadi na kubandikwa ndani ya ndege. Asithubutu mtu kuivuta hewa ya altimeta kwa kinywa, maana pumzi moja ya pupa yaharibu vikopo.

Tano, kila mara apewapo QNH mpya njiani, aiweke katika vyombo vyote viwili. Hili ni dogo, kumbe ni kubwa. Kioo cha umeme kiko mbele ya macho, kwa hiyo hukumbukwa. Altimeta ya akiba iko pembeni, nayo husahauliwa. Siku kioo kitakapozimika katikati ya wingu, rubani huigeukia akiba yake, na akiba humpa urefu wa hewa ya asubuhi, wa kiwanja alichokwisha kukiacha mbali. Akiba iliyosahauliwa si akiba.

MASHAHIDI WALIOKUNYWA KISIMA KIMOJA

Liko jambo la sita, nalo lina kisa cha kusikitisha. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996 ndege kubwa iliruka kutoka Lima, mji mkuu wa Peru, ikiwa na watu 70. Kabla ya hapo ilikuwa imeoshwa, na mwoshaji alikuwa amevifunika vijitundu vya hewa kwa utepe wa gundi ili maji yasiingie. Kazi ilipokwisha, utepe haukubanduliwa. Wala wakaguzi hawakuuona gizani.

Ndege ilipopaa, altimeta zote zikaanza kusema mambo yasiyo na maana. Hazikuwa na kasoro hata moja. Zilikuwa zikipima hewa ya ardhini iliyofungiwa ndani ya mipira. Marubani, wakiwa juu ya bahari katika giza, wakamwuliza mwongoza ndege aliye mnarani: “Sisi tuko urefu gani?” Naye akawasomea tarakimu kutoka kwenye mashine yake. Wakafarijika kwamba wamepata shahidi wa nje. Lakini mashine ya mnara ilikuwa ikipokea tarakimu hiyo kutoka katika ndege ileile, kwa waya zilezile, kwa vijitundu vilevile vilivyozibwa. Shahidi wa nje alikuwa mwangwi wao wenyewe. Ndege ikagusa maji wakati vyombo vikisema iko juu sana, na watu wote 70 wakafa.

Kwa hiyo mjenzi mwangalifu hujiuliza: altimeta yangu ya akiba hunywa hewa kisima gani? Kama zote mbili zaitegemea mipira ileile na kijitundu kilekile, basi nyigu mmoja aliyejenga humo kwa udongo, au tone la maji ya mvua, lazinyamazisha zote pamoja. Dawa yake ni kutia mlango wa pili wa hewa unaoweza kufunguliwa kwa mkono, hata ukiwa ndani ya chumba cha rubani. Hewa ya chumbani si kamili, kwa kawaida huifanya altimeta ionyeshe juu kidogo kuliko kweli. Lakini ushahidi wenye kasoro ndogo inayojulikana wapita ushahidi wa mwongo anayesema kwa sauti tatu.

KUSOMA PIA KUNA DHAMBI YAKE

Hata chombo kizuri chaweza kusomwa vibaya. Altimeta za mishale mitatu zilikuwa na mshale wa mamia, wa maelfu, na mdogo sana wa makumi elfu. Mwaka 1958 peke yake ndege mbili za Uingereza zilianguka kwa sababu marubani waliusoma vibaya ule mdogo na kudhani wako futi elfu kumi juu zaidi ya walipokuwa. Mmoja wa misiba hiyo ulitokea mkesha wa Noeli. Marubani wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye uzoefu, waliotazama haraka kitu walichokizoea.

Nasi watu wa Kongo tunao usiku wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kutoka Leopoldville kwa ajili ya amani ya Katanga, ilianguka msituni karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo huitwa Zambia. Watu 16 walikuwamo. Mmoja alipatikana hai, naye akafa siku chache baadaye. Miongoni mwa vitu vilivyochunguzwa katika mabaki zilikuwamo altimeta, kwa maana swali la kwanza lilikuwa: je, zilikuwa zimewekwa sawa? Hawakuona humo kosa la kuzilaumu. Sababu ya msiba ule imeendelea kutafutwa kizazi baada ya kizazi, na tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi kazi ya kuuangalia ushahidi mpya Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Mtu akifa kwa ajili ya amani, haki hudai watu waendelee kuuliza.

TWAJIFUNZA NINI?

Ninyi wanafunzi, mkisoma habari ya uzito wa hewa darasani, msiseme ni maneno ya mtihani tu. Chukueni mpira mwembamba wa kioo au plastiki, utieni maji, muupinde kama herufi U. Mvuto uinuao maji sentimita 10 katika mpira huo ni kama hektopaskali 10. Na katika vilima vyetu hiyo ni tofauti ya kupanda karibu mita 100. Kwa maji ya ndoo moja mnaweza kuelewa chombo kinachowalinda watu mawinguni.

Ninyi wazazi, mnajua kwamba Kanisa limewapa wasafiri wa angani mlinzi wao. Tarehe 24 Machi 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa marubani, na sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba. Na Kanisa halikuishia katika kuomba. Padri Paul Schulte wa Shirika la Waoblati, aliyekuwa rubani, alimpoteza rafiki yake mmisionari kusini mwa Afrika mwaka 1925, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa mganga. Mwaka 1927 akaanzisha kule Ujerumani chama cha MIVA, cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege. Aliomba, kisha akatafuta mafuta na injini. Imani yake ilikuwa na skrubu na vifungo.

Na sisi tusioendesha ndege? Kila mmoja wetu anacho chombo ndani, ndiyo dhamiri, nacho hupotoka kidogo kidogo pasipo kelele. Mtu huzoea deni dogo, kisha uongo mdogo, kisha ugomvi na jirani. Kila siku hukizungusha kifungo ili mshale upatane na anavyotaka, hata akajiona yuko juu wakati mlima uko mbele ya pua. Ndiyo maana tunafundishwa kujichunguza kila jioni, na kwenda kwa padri, ambaye ni shahidi wa nje. Wala tusifanye kama wale wa Lima, tukiwauliza tu wale wanaoturudishia maneno yetu wenyewe. Rafiki akubaliye kila usemalo amekunywa katika kisima chako. Mtafute mmoja asiyekunywa humo: mzee, katekista, au mke aliyethubutu kukuambia kweli jana nawe ukakasirika.

Basi, asubuhi nyingine ya ukungu, utakaposikia mvumo juu ya paa la kanisa la Kayna, na mtoto akakuuliza yule rubani ajuaje, usimcheke. Mwambie: “Amewauliza mashahidi wawili kabla ya kuondoka, tena amehakikisha kwamba hawakunywa kisima kimoja.” Kisha mwombeeni pamoja Salamu Maria moja, ili awe amefanya hivyo kweli.